Wakfu Wetu Wenyewe: Hotuba ya Waanzilishi wa Kwaya katika Jubilei ya Miaka 25





Sisi tunaosimama hapa ni tisa. Tulipoanza mwaka 2000, mwaka wa Jubilei Kuu, tulikuwa kumi na tisa. Wengine walihamishwa kazi, wengine waliolewa mbali, na wanne tumewazika kwa nyimbo walizotufundisha wenyewe. Leo ni 2025, mwaka mwingine wa Jubilei kwa Kanisa zima, na kwaya imetimiza miaka 25. Habari za mazoezi chini ya mti, za ngoma moja na kayamba mbili, na za lori lililotupeleka Marsabit kabla ya lami, tukafika weupe kwa vumbi hata aliyetupokea akauliza kama tumetoka kusaga unga, vijana wameziandika vizuri katika historia ya kwaya ndani ya kijitabu hiki. Hatutazirudia.

Tumeombwa tuseme neno la shukrani. Asanteni sana, kutoka moyoni. Lakini pamoja na shukrani tumeleta jambo, na jambo lenyewe ni pesa. Tunajua wengine hawapendi pesa zitajwe kanisani. Nasi hatupendi, ila tumeona yanayotokea zisipotajwa.

Mwaka 2003 tulifanya harambee yetu ya kwanza kubwa. Watu walitoa kuliko tulivyotarajia. Mfugaji mmoja ambaye hata hakuwa muumini wa parokia hii alileta mbuzi wawili, tukawauza sokoni siku iliyofuata. Tulinunua majoho mapya, kinanda na spika mbili. Zilizobaki tulizila siku ya kusherehekea, na tulikula vizuri. Baada ya miaka miwili majoho yalikuwa yamepauka kwa jua letu hili, vitufe vya kinanda viligoma kwa vumbi, na spika moja iliungua siku stima ilipopotea na kurudi kwa nguvu.

Januari moja baada ya hapo, mama mmoja wa sauti ya pili alikuja mazoezini na barua mkononi. Binti yake alikuwa amefaulu mtihani wa darasa la nane na kuitwa shule ya upili ya bweni. Alihitaji karo ya muhula wa kwanza, sanduku, godoro na sare. Tulifungua kibweta cha kwaya. Kilichokuwamo hatutakisema, maana ni aibu. Tulichanga papo hapo tukapata shilingi 2,300, tukamwombea, tukaimba. Yule binti hakwenda shule. Mama yake aliendelea kuimba nasi miaka mingi na hakulitaja jambo lile hata siku moja. Heri angelitaja.

Hakuna aliyeiba. Mweka hazina wa wakati huo alikuwa mtu mwaminifu na bado ni mwaminifu. Ila tulikuwa tumefanya harambee, na harambee hukusanya haraka na kutumia haraka. Kwa kujenga ni njia nzuri sana. Shule nyingi za nchi hii zimesimama kwa harambee, na hata paa hili lililo juu yetu lina mabati ya harambee. Lakini shida za watu hazifuati ratiba ya harambee. Zinakuja Januari, zinakuja usiku, zinakuja mwaka ambao kila mtu amekauka.

Neno tunalowaletea leo ni wakfu. Sisi Wakristo tunalijua. Kanisa huwekwa wakfu, altare huwekwa wakfu, na kalisi ikishawekwa wakfu hakuna anayeichukua kunywea chai. Majirani zetu Waislamu wanalijua kwa njia yao. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni kusimamisha. Mtu hutoa nyumba, shamba au kisima, na mali ile ikasimama: haiuzwi wala hairithiwi, na kile kinachotoka ndani yake, iwe kodi, mavuno au maji, ndicho kinachohudumia watu. Kule Pwani mali za namna hiyo ni nyingi kiasi kwamba zina tume yake, yenye makao Mombasa. Siku hizi redio na magazeti hutumia neno hilo hilo kwa mashirika ya kutoa misaada: wakfu wa benki fulani, wakfu wa kampuni fulani ya simu. Hapo mwenye kutoa ni tajiri mmoja au kampuni moja.

Wakfu wa jamii ni kitu kingine. Mwenye kutoa ni watu wengi wa mahali pamoja, kila mmoja kwa uwezo wake, na wanaoamua matumizi ni watu wa mahali pale pale. Wa kwanza kuitwa hivyo ulianzishwa mjini Cleveland, Marekani, mwaka 1914, na mwanabenki Frederick Goff. Hapa kwetu upo tangu mwaka 1997, miaka mitatu kabla ya kwaya hii: Kenya Community Development Foundation, ambayo wengi huiita KCDF. Tafadhali msichanganye na CDF ya mbunge; ile ililetwa na sheria ya mwaka 2003, na ni pesa za serikali. Tulipoanza kuulizia habari hizi, mzee mmoja alitushauri twende tukamwone mheshimiwa kwanza. Tukamwambia, mzee, huku hakuna mheshimiwa.

KCDF ilianza kwa msaada wa Ford Foundation na Aga Khan Foundation, mashirika makubwa ya kimataifa, lakini kusudi lake tangu mwanzo lilikuwa Wakenya wenyewe watoe, waweke na waamue. Huweka mtaji mahali unapozaa, na kinachozaliwa hupelekwa kwa vikundi vya wananchi: maji, elimu, chakula, kazi za vijana. Tena huruhusu familia, kampuni na vikundi vya kijijini kufungua mfuko wao ndani ya wakfu huo mkubwa, ili kikundi kidogo kisilazimike kutafuta mawakili na wahasibu wake. Na mara nyingi msaada wake huongezwa juu ya kile ambacho watu wamechanga wenyewe. Hilo lilitugusa. Mtu anayekuuliza kwanza una nini hakudharau. Anayekuuliza kwanza umekosa nini, huyo amekwisha kukupanga kwenye foleni.

Sasa hesabu, na tunaomba uvumilivu wa wale waliokimbia hesabu shuleni wakaja kwenye muziki.

Tuseme leo tumechanga shilingi 400,000 tukaziweka, hatukuzila. Serikali yenyewe hukopa kwa wananchi kwa hati za dhamana. Mwaka 2017 iliuza hati iliyoitwa M-Akiba, kwa simu, kuanzia shilingi 3,000, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka. Kwa riba ya namna hiyo shilingi 400,000 zingezaa 40,000 kila mwaka. Mtakimbilia kusema basi tugawe 40,000. Hapo ndipo penye mtego. Bei hupanda. Shilingi 100 tuliyotoa sadaka mwaka 2000 tukajiona matajiri, leo haikufikishi hata Meru. Ikiwa bei zimepanda kwa asilimia 6, basi shilingi 24,000 lazima zirudi kwenye mtaji ili mwakani uwe na nguvu ile ile. Za kutumia zinabaki 16,000.

Tunasikia mnavyoguna. Shilingi 16,000 ni sanduku, godoro na sare za mtoto mmoja, na chenji ya sabuni. Ni kidogo, na hatutawadanganya. Lakini mwakani zipo tena. Mwaka wa kumi zipo, na mtaji bado mzima. Wale 2,300 tuliomchangia yule binti hawakurudi tena kumsaidia mwingine. Isitoshe, tukiwa wanakwaya 60 na kila mmoja akaweka shilingi 20 kila Jumapili, hizo ni 62,400 kwa mwaka zinazoingia kwenye mtaji bila harambee wala mgeni wa heshima. Shilingi 20! Ni nusu ya mandazi ya baada ya mazoezi, na hapa tunawatazama hasa watu wa besi.

Kuna wenzetu wanaosema haya ni mambo ya Wazungu na ya watu wa Nairobi. Kwao tunasema: tokeni hapa, vukeni barabara, mwulizeni mzee yeyote wa Kiborana maana ya busa gonofa. Mtu akimalizwa na ukame, wizi au ugonjwa wa mifugo, ukoo hukaa, hutazama nani ana nini, na kila mwenye mifugo hutoa ili aliyeanguka aanze upya. Haitwi ombaomba. Anabaki mtu mzima kati ya watu wazima, na siku moja atatoa kwa mwingine. Wana pia dabare: mwenye ng'ombe humpa mwenzake ng'ombe akae naye. Maziwa unakamua, watoto wanakunywa, lakini ng'ombe si wako kuchinja.

Hiyo ng'ombe ya dabare ndiyo wakfu. Nasi mwaka 2003 tuliichinja.

Hata hivyo busa gonofa ina udhaifu mmoja ambao wazee wenyewe watawaambia. Inasaidia ikiwa mmoja ameanguka na wengine wamesimama. Ukame uliopita, mvua zilikosa misimu mitano mfululizo kuanzia mwisho wa 2020, na mizoga ikajaa kandokando ya njia kutoka Merti hadi Oldonyiro. Wa kutoa na wa kupokea walikuwa wamelala pamoja. Pesa zilizowekwa mbali na malisho zina faida hiyo moja: hazili majani. Akina mama wa Anolei, wanaokusanya maziwa ya ngamia hapa Isiolo na kuyapeleka Nairobi kwa basi, waliona mapema kwamba mmoja mmoja hawafiki mbali, wakafanya ushirika. Hawakusubiri mtu wa kuwaletea warsha.

Kuna jambo jingine lililotusukuma kusema leo badala ya mwakani. Januari mwaka huu serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Hatuna haja ya kuwaeleza. Wengine wenu mlikwenda kazini asubuhi mkarudi na barua. Mji huu umeishi miaka mingi kwa miradi. Mtoto wa Isiolo anajua neno mradi kabla hajajua neno mkoa. Hatuwalaumu waliotusaidia, na hatutakuwa wepesi wa kusahau. Marehemu Askofu Luigi Locati alitoka Vercelli, Italia, akatupa maisha yake yote mpaka alipouawa hapa hapa mjini Julai 2005, na marafiki zake wa kule walisaidia watu wetu wengi. Lakini Vikariati imekwisha kuwa Jimbo tangu mwaka 2023. Mtoto akishavuliwa nepi hutarajiwa kutembea. Pesa inayotoka mbali inaweza kukatwa mbali, na sisi tulio huku hatuitwi kikaoni.

Ndiyo maana suala la nani anaamua ni kubwa kuliko suala la kiasi gani. Kaunti yetu imewahi kuonyesha njia, na watu wa kaunti nyingine walikuja kujifunza. Mfuko wa kaunti wa mabadiliko ya hali ya hewa ulipoanza kwa majaribio hapa Isiolo, miaka kumi na kitu iliyopita, sehemu kubwa ya fedha, asilimia 70, ilitengewa mambo yaliyochaguliwa na kamati za wadi, na wanakamati walichaguliwa na wananchi wenyewe. Na wananchi walichagua nini? Mahali kadhaa walichagua kuitia nguvu dedha, wale wazee wanaopanga nani alishe wapi na lini, ili malisho ya kiangazi yasiliwe wakati wa mvua. Mtu aliyekaa ofisini angejenga kitu chenye rangi na kibao. Wenyewe walijua kwamba nyasi ya kesho inalindwa na mzee mwenye fimbo na mafuta ya pikipiki.

Sasa tunafika mahali ambapo sisi tisa tulibishana jioni tatu, na sauti zilipanda kuliko kwenye wimbo wowote. Nani atapokea?

Baadhi yetu walisema: watoto wa wanakwaya. Ni haki yao, wazazi wao ndio wamechanga. Wengine wakasema: watoto wa parokia. Halafu mmoja wetu, mama ambaye kwa kawaida hasemi sana, akatukumbusha mwisho wa 2011 na mwanzo wa 2012.

Wengi wenu vijana mlikuwa wadogo. Mapigano yalipozuka, familia zilihama usiku, na mtaa mmoja uliogopa kupita mtaa mwingine. Kwaya hii ina Waturkana, Wameru, Wasamburu, Waborana wachache, Wakamba, na watumishi wa serikali kutoka kila pembe. Jumapili moja tuliimba watu saba. Sauti ya kwanza haikuwepo kabisa. Waliokuwa upande mmoja hawakuweza kuvuka, na wapo wawili kati yetu ambao kwa majuma kadhaa hawakusalimiana, kwa sababu ya maneno yaliyosemwa na jamaa zao, si na wao. Ndani ya uwanja wa kanisa kulikuwa na akina mama na watoto waliokimbia, na hatukuwa na cha kuwapa. Tulikwenda duka moja la Bulla Pesa tukaomba magunia ya unga kwa deni. Mwenye duka ni Mwislamu. Hakutuuliza unga ni wa kabila gani. Aliandika kwenye daftari lake, akampa kijana mkokoteni, na deni lile tulilimaliza baada ya miezi minane. Hakuongeza hata shilingi.

Yule mama akatuuliza: mtoto wa mwenye duka akikwama karo, tutamwambia aende kwa watu wake?

Palikuwa kimya. Ndipo tukakubaliana. Mfuko huu ukianzishwa utakuwa wa mtoto yeyote anayeishi katika mitaa inayozunguka kanisa hili, bila kuulizwa dini wala kabila. Mwenye kutoa hatapata nafasi ya kumchagua wa kwake. Mmoja kati yetu tisa bado hakubaliani, anaona tunaanza kwa kubeba mzigo mkubwa mno, na ametuomba tuseme hivyo hadharani. Tumesema. Ana hoja, na mtaipima.

Kuhusu namna ya kupokea, tuliafikiana haraka. Jina la mtoto halitasomwa kanisani. Hakutakuwa na picha ya mtoto akishika hundi ya kadibodi kubwa kuliko yeye. Mmewahi kuona watoto wale nyuso zao? Pesa zitakwenda shuleni, risiti itarudi, na mtoto atakaa darasani kama watoto wengine. Maombi yatapimwa na watu watano: wawili wa kwaya, mmoja wa halmashauri ya parokia, mwalimu mmoja, na mtu mmoja wa mtaa asiye wa kanisa letu. Huyu wa mwisho baadhi yenu mtamwuliza anatafuta nini. Anatafuta kile ambacho sisi hatukioni kwa kuwa tumezoeana.

Hesabu zitabandikwa mlangoni pa kanisa kila miezi mitatu, zilizoingia na zilizotoka, hata ikiwa hakuna kilichotoka. Waweka saini watatu, wala wasiwe jamaa. Tunajua mtasema mbona mnatuona wezi. Yule mweka hazina wetu mwaminifu wa 2003 ndiye aliyesisitiza jambo hili kuliko wote. Alisema miaka ile alikuwa halali usingizi kwa kukaa na pesa za watu bila daftari, akiogopa kwamba akifa ghafla watoto wake wataitwa watoto wa mwizi. Daftari linamlinda anayeshika pesa kabla ya kumlinda anayezitoa.

Jambo la mwisho kabla hatujaketi. Tusifunge mikono ya watakaokuja. Benjamin Franklin, yule Mmarekani, alipofariki mwaka 1790 aliacha pauni 1,000 kwa mji wa Boston na nyingine 1,000 kwa Philadelphia, zikopeshwe kwa vijana mafundi na zizae kwa miaka 200. Zilizaa kweli, miaka ile 200 ilipoisha mifuko hiyo miwili kwa pamoja ilikuwa na zaidi ya dola milioni 6. Lakini aina ya fundi aliyemkusudia, kijana aliyejifunza kazi kwa kuishi na bwana wake, ilikuwa imetoweka zamani, na wasimamizi walihangaika sana na masharti ya mtu aliyekufa. Frederick Goff wa Cleveland aliliona tatizo la namna hiyo, na ndiyo maana katika wakfu wake aliwaachia watu walio hai uwezo wa kubadili matumizi pale masharti ya zamani yanapopitwa na wakati. Kwa hiyo sisi tunapendekeza mtaji usiguswe, basi. Kama mwaka 2050 watoto wa Isiolo hawahitaji tena sanduku na godoro bali wanahitaji kitu ambacho sisi hatuna hata jina lake, wanakwaya wa wakati huo waamue bila kutuuliza makaburini.

Tunajua kamati ya jubilei ilikuwa na bajeti nyingine ya mchango wa leo: majoho mapya, kinanda, mitambo ya sauti, na safari ya hija Subukia. Vijana wametuambia, kwa heshima lakini waziwazi, kwamba wazee tumeshavaa majoho yetu na kupanda magari yetu, sasa tunataka wao wafunge mkanda. Maneno hayo yalituuma kwa sababu yana ukweli. Kinanda tulicho nacho kinalia kama paka mvua ikinyesha. Kwa hiyo ombi letu ni hili: theluthi moja ya mchango inunue kinanda, kizuri, chenye kifuniko cha vumbi. Theluthi mbili ziwe mtaji wa kwanza wa wakfu. Majoho haya tuliyovaa yana miaka miwili zaidi ndani yake, tukiyafua kwa maji ya baridi na kuyaanika kivulini. Subukia tutachanga nauli wenyewe, na sisi tisa tumeshaweka zetu.

Kura ni baada ya Misa ya pili Jumapili ijayo, katika ukumbi, na kila mwanakwaya aliyehudhuria mazoezi mwaka huu ana kura moja, hata wale walio bado shuleni. Waumini wasio wanakwaya hawapigi kura hiyo, lakini wanaweza kutoa, na wakitoa majina yao yataingia kwenye daftari sawa na yetu. Yule mama wa sauti ya pili tuliyemtaja mwanzoni hayuko tena nasi hapa duniani. Binti yake yuko leo, amekaa upande wa kushoto na wanawe wawili, na tulimwomba ruhusa kabla ya kusimulia. Alitupa. Kisha akatoa shilingi 200 kwenye pochi, akasema tuziandike za kwanza.

Tumeziandika. Daftari liko kwenye meza chini ya mwarobaini karibu na lango, kalamu imefungwa kwa uzi kwa sababu kalamu za kanisa hili zina miguu. Karibuni chakula, wageni watangulie.